Usanifu wa sauti, mguso na uhalisia pepe ni kitu gani?

Ukitaja usanifu wa programu mbele ya watu wa Nairobi, wengi hufikiria skrini: rangi ya kitufe, ukubwa wa maandishi, menyu ikae juu au chini. Hiyo ni sehemu tu ya kazi. Kifaa hutazamwa, lakini pia husikika na hushikwa, na mtu akivaa miwani ya uhalisia pepe (VR), yaani ulimwengu uliochorwa na kompyuta, huwa amezungukwa nacho pande zote. Usanifu wa hisi nyingi ni tawi la usanifu wa uzoefu wa mtumiaji, na kazi yake ni kuamua ujumbe gani upite kwa jicho, upi kwa sikio, upi kwa ngozi, na upi usitumwe kabisa. Anayeifanya huanza kwa kuuliza: wakati huu, mtumiaji ana kiungo gani kilicho huru?

Chukua mama mboga wa Toi Market. Anakatakata sukuma wiki, mikono imelowa, macho yako kwenye kisu. Mteja anasema ameshatuma. Simu inalia ndani ya mfuko wa aproni. Je, pesa imeingia? Mlio hausemi. Ndio huo huo unaolia ofa ya bando inapoingia, na ndio unaolia tapeli anapotuma ujumbe feki uliotungwa ufanane na wa M-Pesa. Basi hana budi kupangusa mikono, kutoa simu na kusoma. Habari ambayo sikio lingeweza kuipokea imelazimishwa kupita kwa jicho, kiungo kilichokuwa na shughuli kuliko vyote. Kule India wenye maduka wengi huweka kaunta kispika kidogo kinachotangaza kiasi kilicholipwa. Taarifa hukifikia moja kwa moja kutoka kwa kampuni ya malipo, kwa hiyo ujumbe wa kutunga hauwezi kukifanya kiseme. Muuzaji anaendelea kukatakata.

Milio ya vifaa ni ya namna mbili. Ipo inayoiga kitu kinachojulikana, kama karatasi inayokunjwa unapotupa faili kwenye pipa la taka la kompyuta. William Gaver, alipokuwa Apple miaka ya 1980, alilifuata wazo hilo mbali zaidi: katika programu yake faili kubwa ilitoa mlio mzito na ndogo ikatoa mlio mwembamba, hivyo sikio likaujua ukubwa kabla jicho halijasoma namba. Halafu ipo milio ya kimuziki isiyoiga chochote, noti mbili tatu ambazo mtumiaji huzizoea polepole. Ya kwanza hueleweka upesi. Ya pili inahitaji kuzoewa, lakini ndiyo pekee inayoweza kubeba jambo lisilo na sauti yake ya asili. Salio kuisha, kwa mfano, hakuna mtu aliyewahi kusikia sauti yake.

Nairobi yenyewe ina mfumo wa milio ambao hakuna aliyeusomea. Makanga akigonga bodi ya matatu kwa kiganja, dereva hujua kusimama au kuondoka bila kugeuza shingo. Na pigo hilo husikika hata ndani ya manyanga, zile matatu za mbwembwe zenye spika za kutikisa vioo. Sababu ni kwamba sauti humezwa zaidi na sauti zinazokaribiana nayo kwa masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, ambayo hupimwa kwa hertz. Besi na injini ziko chini na huvuma mfululizo. Pigo la kiganja ni fupi na kali, kwa hiyo hujitokeza. Sikio la binadamu ni jepesi zaidi kati ya hertz 2,000 na 5,000 hivi, na spika ndogo ya simu hata hivyo haiwezi kutoa besi ya maana. Anayetunga mlio wa tahadhari kwa abiria wa matatu na kuufanya mzito eti kwa sababu ulisikika vizuri kwenye hedifoni zake za studio, amemtungia mtu mwingine. Mlio huohuo unaofaa Tom Mboya Street, lakini, ni karaha maktabani, ndiyo maana mtumiaji lazima aweze kuupunguza au kuuzima bila kuutafuta kwenye menyu kumi.

Mguso una hesabu zake. Ncha ya kidole hutambua alama mbili zilizoachana milimita 2 au 3 tu, ilhali mgongoni huenda zikahitaji kuachana milimita 40 hivi. Kwa upande wa mtetemo, vipokezi vilivyo ndani ya ngozi huhisi vizuri zaidi karibu na hertz 250. Lakini kikwazo kikubwa huwa ni kifaa chenyewe. Simu nyingi za bei nafuu zina kimota kinachozungusha kichuma kilichoegemea upande mmoja. Huchukua muda kushika kasi na muda mwingine kutulia, kwa hiyo hutoa mvumo tu. Simu za bei ya juu hutumia kizito kinachokwenda huku na huku kwenye mstari mmoja, na hicho huanza na kusimama karibu papo hapo. Tangu 2015 kompyuta nyingi za MacBook zimekuwa na kibao cha kugusa ambacho hakibonyei kama cha zamani. Mtetemo mfupi ndio unaokifanya kidole kiapie kwamba kitufe kimeshuka. Zima kompyuta, kitufe kinatoweka.

Mwenye simu ya Android yenye Chrome anaweza kulijaribu hili leo bila kununua kitu. Tengeneza ukurasa mdogo wa wavuti wenye kitufe kimoja, kikibonyezwa kiite navigator.vibrate([200,100,200]). Namba hizo ni milisekunde: tetema 200, nyamaza 100, tetema 200. Ni kama simu ya mkopo inayodai. Sasa weka 20, 60, 20. Kwenye simu nzuri utahisi vigongo viwili vyepesi, kama mtu anayebisha hodi kwa kucha. Kwenye simu ya bei ya chini huenda usihisi chochote, maana kimota hakikuwahi kuamka. Zoezi hilo la dakika chache linafundisha kuliko kurasa nyingi za nadharia: mtetemo haukamiliki kwenye msimbo wa programu, hukamilika mkononi, na kila simu ina tabia yake. Na usijaribu kutunga alfabeti nzima ya mitetemo. Mimi sizidishi mitatu katika programu moja. Watu hawaikumbuki zaidi ya hapo.

Uhalisia pepe ndipo hisi hizi zote hukutana, na ndipo makosa huonekana mwilini. Mwaka 1968 Ivan Sutherland alionyesha miwani iliyofungwa kwenye mtambo uliotoka darini, na msingi wake haujabadilika: kichwa kikigeuka, picha nayo igeuke. Ubongo hulinganisha linaloonwa na macho na linalohisiwa na sikio la ndani, ambalo hutambua mwendo na mizani ya mwili. Picha ikichelewa zaidi ya milisekunde 20 hivi, wengine huanza kuhisi vibaya. Vivyo hivyo macho yakisema unakimbia na mwili unajua umeketi. Ndiyo maana programu nyingi humruhusu mtumiaji kuelekeza mkono mahali na kurukia hapo, au hufifisha kingo za picha anaposogea.

Mel Slater, mtafiti wa siku nyingi wa fani hii, mwaka 2009 alitenganisha mambo mawili: kuhisi kwamba uko pale, na kuamini kwamba yanayotokea pale yanatokea kweli. La kwanza hutegemea sana mashine. La pili huvunjwa na vitu vidogo. Unaweza kuchora River Road hadi nyufa za ukuta, lakini mchuuzi akiwa hakutazami unapomkaribia, ndoto imekatika.

Sauti hapa hufanya kazi ambayo filamu huifanya kwa kamera. Mtazamaji wa filamu huona alichochaguliwa. Aliyevaa miwani anaweza kuwa anaangalia dari wakati tukio kuu liko nyuma yake. Honi ikipigwa kushoto hufika sikio la kushoto kwanza, kwa tofauti isiyofika hata milisekunde moja, na ubongo unatosheka na hiyo. Atageuka mwenyewe. Mguso ndio dhaifu zaidi, kwa kuwa ukuta wa kuchorwa hauzuii mkono. Kinachosaidia ni kupatanisha: mkono ukifika ukutani, kontrola, yaani kishikio cha mkononi, itetemeke na mlio wa kugonga usikike papo hapo. Botvinick na Cohen walionyesha mwaka 1998 kwamba mtu anaweza kuuhisi mkono wa mpira kuwa wake ukipapaswa kwa brashi wakati uleule na mkono wake uliofichwa. Brashi zisipoenda sambamba, hisia hiyo hufifia. Mtetemo mdogo unaofika kwa wakati unashinda mkubwa uliochelewa.

Kuna jambo ambalo miongozo mingi hailitaji: nywele. Mikanda ya miwani nyingi haikushonewa kichwa chenye rasta, misuko iliyofungwa kisogoni, kilemba au hijabu. Mkanda husukumwa juu, miwani huteremka puani, lenzi huacha mstari wa jicho na picha huwa na ukungu. Msanifu asiyeangalia hilo atarudi kurekebisha programu isiyo na kasoro.

Kwa anayejifunza, ningesema aanze na sauti, kwa kuwa ndiyo rahisi kwa mfuko. Simu inarekodi, na Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure. Baadaye Blender, programu ya kuchora maumbo, kisha zana za kujengea ulimwengu pepe: A-Frame inayofanya kazi ndani ya kivinjari, au Godot. Nairobi ina studio zinazofanya kazi hii, BlackRhino VR ikiwa mojawapo, lakini mazoezi mengi hayahitaji miwani. Washa TalkBack, kisoma skrini cha Android kinachosoma kwa sauti, funika skrini, ujaribu kununua bando. Kisha mtafute mtumiaji asiyeona akuonyeshe anavyofanya, na umlipe muda wake. Kabla ya kuandika msimbo, igizeni: mmoja awe mtumiaji, mwingine awe programu, agonge meza au amguse bega panapostahili.

Ukifika hatua ya kumvalisha mtu miwani, mkalishe kwenye kiti kisicho na magurudumu na utazame uso wake kuliko kompyuta yako. Anayepata kichefuchefu mara nyingi hasemi, kwa adabu. Huacha kuzungumza, humeza mate, jasho jembamba humtoka kwenye paji la uso. Mvue hapo hapo, mpe maji, maswali yako yasubiri, na usimvalishe tena siku hiyo hata akisema yuko sawa.