Kwa nini meya hawezi kuweka taa mbele ya shule

Nilipoanza kazi katika ofisi ya karani wa mji mmoja mdogo huko Marekani, mojawapo ya majukumu yangu lilikuwa kuandika kumbukumbu za vikao vya baraza la mji. Jioni moja mama mmoja alisogea kwenye maikrofoni, akapewa dakika zake tatu kama mwananchi mwingine yeyote, akauliza swali tulilokwisha kulisikia mara kadhaa: mtaweka lini taa za kuongozea magari pale mbele ya shule? Madiwani wakatazamana. Mwanasheria wa mji akakohoa kidogo, kisha akamjibu kwamba mji hauna uwezo huo. Barabara ile, ingawa maduka, benki na jengo la baraza lenyewe vyote vimejipanga kandokando yake, ni barabara kuu ya jimbo. Anayeamua taa ni idara ya uchukuzi ya jimbo. Mji unaweza kuandika barua, basi.

Yule mama aliondoka amekunja uso, na simlaumu. Alimpigia kura meya, si mhandisi wa makao makuu ya jimbo.

Niseme mapema kwamba jimbo ninalolitaja hapa si jimbo la uchaguzi la mbunge. Ni yale majimbo 50 yanayounda Marekani, kila moja na katiba yake, gavana wake na bunge lake. Ukiisoma Katiba ya Marekani yote hutakuta neno linalohusu meya, mji wala kaunti. Inagawa madaraka kati ya serikali ya shirikisho na majimbo, kisha inanyamaza. Mambo ya chini ya jimbo ni shauri la jimbo lenyewe, ndiyo maana mtu akiniuliza serikali ya mji inafanyaje kazi Marekani, nami humuuliza: jimbo gani?

Aliyelisema jambo hili bila kupepesa macho ni John Dillon, jaji wa mahakama kuu ya Iowa. Mwaka 1868 mji wa Clinton ulikuwa unagombana na kampuni ya reli iliyotaka kupitisha njia yake kwenye mitaa ya mji, huku bunge la jimbo likiwa limeshairuhusu. Dillon aliamua kwamba mji hupata uhai wake na mamlaka yake yote kutoka kwa bunge la jimbo, na bunge lililouumba linaweza kuufuta. Tangu hapo kukawa na kanuni yenye jina lake: mji una mamlaka yale tu uliyopewa waziwazi na jimbo, pamoja na yale ambayo yasipokuwapo, hayo ya kwanza hayatekelezeki. Pakiwa na shaka, mji ndio unaoshindwa.

Ukali wake ulionekana vizuri Pennsylvania. Jimbo lilitunga sheria ya kuuunganisha mji wa Allegheny na jirani yake mkubwa, Pittsburgh, na kura za miji yote miwili zikahesabiwa katika kapu moja. Watu wa Allegheny hawakutaka, lakini wenzao walikuwa wengi kuliko wao. Wakaenda hadi Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1907 wakashindwa. Leo Allegheny ni sehemu tu ya Pittsburgh, ng'ambo ya mto.

Wenye miji hawakukaa kimya. Katiba ya Missouri ya mwaka 1875 ilifungua mlango wa kile ninachokiita mamlaka ya mji kujiendesha: wakazi wa St. Louis wakaruhusiwa kujiandikia hati yao, ambayo ndiyo katiba ya mji. Majimbo mengi yakafuata, kila moja kwa kipimo chake. Mwenye hati ya namna hii haendi kuomba ruhusa kwa kila jambo dogo. Lakini kamba haijakatwa, imerefushwa tu. Mnamo Novemba 2014 wapiga kura wa Denton, Texas, walipiga marufuku upasuaji wa miamba kwa maji yenye shinikizo, ule wa kutafutia gesi, ndani ya mipaka yao. Denton ni mji wenye hati yake. Mei 2015 gavana akatia saini sheria ya jimbo iliyoinyang'anya miji mamlaka hayo, na mwezi uliofuata baraza likafuta marufuku yake lenyewe. Mimi naona hapo ndipo penye siasa halisi ya miji siku hizi, kuliko hata kwenye uchaguzi wa meya.

Kuhusu meya, watu wengi hudhani yeye ndiye bosi. Kuna miji ambako ni kweli: anaajiri wakuu wa idara, anaandaa bajeti, anaweza hata kukataa kutia saini sheria ndogo. Kwingineko meya ni diwani mwenye nyundo ya kuongozea kikao, na kazi za kila siku ziko mikononi mwa meneja aliyeajiriwa na baraza, ambaye baraza hilohilo linaweza kumfukuza. Dayton, Ohio, ulichukua mfumo huo mwaka 1914, baada ya mafuriko makubwa ya mwaka uliotangulia kuwaonyesha watu kwamba siasa peke yake haizibui mitaro. Mji wetu ulikuwa na meneja. Barua zote za malalamiko ziliandikwa kwa meya, nami nilizipeleka chumba cha pili.

Fedha ndiyo sehemu inayowachanganya watu kuliko zote. Mwenye nyumba hupata bili ya kodi ya ardhi na majengo akaona jumla moja, akaulaani mji. Ukiifungua ile bili utakuta kaunti, mji, wilaya ya shule (chombo cha shule tu, chenye bodi yake), maktaba, pengine hata wilaya ya kuangamiza mbu, kila kimoja na sehemu yake ya kodi. Sensa ya serikali ya mwaka 2022 ilihesabu serikali za ngazi ya chini zaidi ya 90,000 nchi nzima, na miji yenyewe haifiki 20,000 kati ya hizo. Tena kiwango cha kodi mara nyingi kimefungwa kutoka juu. California tangu 1978 kikomo ni asilimia 1 ya thamani ya nyumba, na thamani hiyo haipandishwi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba iuzwe. Baraza likitaka kupita hapo, litapiga kelele tu.

Mji ukiishiwa kabisa, jimbo huweza kuingia jikoni. Machi 2013 gavana wa Michigan alimteua msimamizi wa dharura wa Detroit, mwenye kauli juu ya meya na baraza, na Julai mji ukaomba kutangazwa mufilisi ukiwa na madeni ya takriban dola bilioni 18. Hata kuomba huko kunahitaji kibali cha jimbo. Flint, katika jimbo hilohilo, nako kulikuwa na msimamizi wa namna hiyo mwaka 2014, maji ya mji yalipohamishiwa Mto Flint bila dawa ya kuzuia kutu ya mabomba, na madini ya risasi, ambayo ni sumu, yakaingia kwenye bilauri za watoto. Meya alikuwapo, madiwani walikuwapo, wananchi walikuja kikaoni na chupa za maji ya rangi ya chai. Kauli ya mwisho haikuwa ya hao waliochaguliwa.

Taa yetu? Tuliandika barua. Wahandisi wa jimbo wakaja, wakatandaza nyaya nyeusi barabarani kuhesabu magari kwa siku kadhaa. Jibu lilipofika nililigonga mhuri wa kupokelewa na kulisoma kikaoni: magari hayatoshi kustahili taa, ila mji unaruhusiwa kuweka kibao chenye taa ya kuwaka na kuzima saa za shule, kwa gharama zake. Madiwani walikipitisha bila kupingwa. Yule mama alikuwa amekaa safu ya pili, na alikuwa ameshajaza fomu ya kuomba dakika zake tatu.