Jumba la taifa si banda la Nanenane

Juma lililopita mchongaji mmoja mzee wa Mikindani, ambaye kazi yake naiheshimu kuliko ya wengi, alinijia na sanduku la tembo na vifaru wa mpingo wapatao arobaini, kila mmoja akiwa ameandikiwa bei kwa chaki chini ya tumbo, akaniuliza: “Mwanangu, banda letu huko Venice liko karibu na geti, au tutatupwa nyuma kama Ngongo?” Nikamwambia, “Baba, keti kwanza,” kwa kuwa swali hilo nimeulizwa mara nyingi mno, Mtwara na Lindi, na subira imeniishia.

Watu huamini kwamba jumba la taifa, yaani mahali ambapo nchi moja huonyesha sanaa yake katika Biennale ya Venice, maonyesho makubwa ya sanaa yanayofanyika Italia kila baada ya miaka miwili, ni sawa na banda la Nanenane katika viwanja vya Ngongo: serikali inalipia eneo, msanii anapanga bidhaa mezani, mtalii anachagua, anafungiwa katika gazeti, anaondoka. Kosa kwa sehemu ni la neno lenyewe, maana aliyesikia “banda” tayari ameona turubai na meza. Ndiyo sababu mimi husema jumba. Ukweli ni kwamba humo hapana duka. Biennale, iliyoanza mwaka 1895, iliwahi kuwa na ofisi yake ya mauzo, lakini ofisi hiyo ilifutwa baada ya maandamano ya 1968. Wafanyabiashara wa sanaa bado hunong’onezana bei pembeni, hilo sikatai, ila kilichowekwa hubaki pale hadi maonyesho yafungwe, na yale ya mwaka 2024 yalianza tarehe 20 Aprili yakaisha 24 Novemba. Mtalii gani atamngoja tembo wake miezi saba?

Kinachopelekwa ni wazo moja lililofikiriwa kwa ajili ya chumba kizima. Mwaka 1993 msanii Hans Haacke aliingia katika jumba la Ujerumani, lililofanyiwa ukarabati enzi za Wanazi, akaivunja sakafu yake ya mawe na kuviacha vipande vikigongana chini ya viatu vya wageni. Jumba hilo, alilolishiriki na msanii mwenzake Nam June Paik, likapata Simba wa Dhahabu, tuzo kuu ya Biennale. Angeuza nini, kifusi? Angola nayo, iliposhiriki kwa mara ya kwanza mwaka 2013, ilirundika sakafuni, katikati ya michoro ya kale ya Kiitalia ndani ya Palazzo Cini, picha za Luanda zilizopigwa na Edson Chagas na kuchapwa katika karatasi kubwa, na wageni wakaruhusiwa kujichukulia nakala bure. Ikashinda Simba wa Dhahabu wa jumba bora la taifa, nchi ya kwanza ya Afrika kufanya hivyo. Kwa hiyo kila anayenijia humwambia aache sanduku nyumbani, aandike ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili, akieleza mtu akiingia chumbani ataona nini na kwa nini. Wengi hukasirikia hapo.

Dhana nyingine hazihitaji maneno mengi. Italia haimlipii mtu: nchi yoyote inayotambuliwa nayo inaweza kuomba kushiriki, na isiyo na jengo katika bustani ya Giardini, ambako la kwanza lilikuwa la Ubelgiji mwaka 1907, kwa kawaida hukodi mahali kwa gharama zake. Tanzania haikosekani katika orodha; iliingia mwaka 2024, sawa na Benin, Ethiopia na Timor-Leste.

Wale ambao wazazi wao walivuka Ruvuma hudhani uraia ni kizuizi, ilhali mwaka 2013 Ujerumani iliwaonyesha Ai Weiwei wa China, Santu Mofokeng wa Afrika Kusini na Dayanita Singh wa India. Uamuzi ni wa nchi husika, na unaweza kuharibika: mwaka 2015 serikali ya Kenya ililikana jumba lililobeba jina lake huku likiwa limejaa wasanii wa China.

Tena wapo wasemao kwamba kazi za jadi hazipokelewi kule. Uganda ilipata tuzo ya kutajwa kwa heshima mwaka 2022, na sehemu ya jumba lake ilikuwa kazi za ususi za msanii Acaye Kerunen. Kama ususi umeingia, lipiko, kinyago cha kuvaliwa cha Wamakonde, litazuiwa na nani? Mzee wa Mikindani aliposikia hayo alifunga sanduku, akaniuliza dari ya chumba huwa na kimo gani. Nikamjibu kwamba hutegemea nyumba itakayokodiwa, na kwamba kwanza nataka ule ukurasa.