Bakuli Moja kwa Paka Wanne Si Dalili ya Upendo

Nimeambiwa tena maneno ambayo nimeyasikia katika chumba changu cha uchunguzi mara nyingi mno: "Daktari, paka wangu hawana shida ya chakula. Ninajaza bakuli moja kubwa, wote wanne wanakula pamoja bila kugombana, na kila mmoja anakula kadiri anavyohitaji." Aliyesema hayo alikuwa ameniletea paka mmoja aliyenenepa hadi mbavu zake hazipapasiki, na mwingine ambaye pingili za uti wa mgongo wake zilihesabika kwa vidole. Wote wawili walikuwa wakila kwenye bakuli hilo hilo. Imani hii inawadhuru paka wanaopendwa kwa dhati na wenye nyumba, na kwa kuwa kuieleza kwa mtu mmoja mmoja hakujatosha, nitaieleza hapa kwa urefu.

Paka wa nyumbani ametokana na paka pori wa Afrika, Felis lybica, ambaye huwinda peke yake na kula peke yake. Mawindo yake ni wanyama wadogo. Panya mmoja hutoa takriban kilokalori 30, kwa hiyo paka wa kilo 4, ambaye kwa siku huhitaji kilokalori 200 hadi 250 hivi, angelazimika kukamata panya saba au wanane, kila mmoja kwa wakati wake. Ndiyo sababu paka anayeachiwa chakula siku nzima hukila kidogo kidogo, mara nyingi zaidi ya milo kumi, mchana na usiku. Panya mmoja hagawanyiki kwa paka watatu, na ukoo huu haukuwahi kuwa na haja ya kujifunza kugawana. Huwa najibiwa kwamba paka wasio na mwenyewe huishi kwa makundi palipo na chakula kingi, na kwamba majike wenye undugu husaidiana hata kunyonyesha watoto. Hilo ni kweli. Lakini kuishi pamoja ni jambo moja na kulishwa bega kwa bega ni jambo jingine, na kundi la nje lina kitu ambacho nyumba haina: nafasi ya kusogea mbali.

Hapa ndipo kosa lenyewe lilipo, nami naomba nivumiliwe nikikaa hapo. Watu husema "hawagombani" wakimaanisha kwamba hawasikii kelele wala hawaoni damu. Paka hana njia nyingi za kupatana na mwenzake baada ya ugomvi, kwa hiyo njia yake kuu ya kuishi salama ni kuuepuka ugomvi kabla haujaanza, yaani kukaa mbali, kupishana kwa saa, na kugeuza uso. Ukiweka chakula chote mahali pamoja, unamnyima njia hiyo. Atavumilia, kwa sababu njaa haimpi hiari, na uvumilivu huo ndio unaopigwa picha na kuitwa urafiki.

Ukitaka kuujua ukweli, acha kuangalia bakuli na uangalie miili. Paka anayekula huku amejivuta nyuma, masikio yamegeukia pembeni, akiinua kichwa kila baada ya matonge machache, hana amani. Yule anayemeza haraka bila kutafuna, kisha akatapika chakula kizima muda mfupi baadaye, huenda ana tatizo la tumbo, lakini huenda pia anakimbizana na mwenzake. Yule anayesubiri wote waondoke ndipo aje, si kwamba ana adabu kuliko wengine. Ameondolewa kwenye foleni. Kuna pia dalili ambayo karibu hakuna mwenye paka anayeniletea mwenyewe, nami hulazimika kuiuliza: ni nani hulala kwenye kizingiti cha chumba cha chakula? Kwa macho yetu amejinyoosha, amepumzika. Kwa paka mwenzake, mlango huo umefungwa. Kumkazia macho tu kunatosha kumrudisha aliyekuwa anakuja kula, na yote hayo hufanyika kimya katika chumba ambacho wewe umeketi ukisoma.

Urafiki wa kweli una dalili zake. Marafiki hulambana vichwa na shingo, husuguana mashavu na ubavu, hulala miili ikigusana hata pasipo baridi, na husalimiana mikia ikiwa imesimama wima. Kula sahani moja hakumo katika orodha hiyo. Hata hivyo sitasema kwamba kila jozi lazima itenganishwe. Nimewaona ndugu wa tumbo moja waliolelewa pamoja wakila pamoja miaka mingi, uzito wao ukiwa sawa na tabia zao zikiwa tulivu, nami sikuona sababu ya kuwaweka vyumba viwili. Mara nyingine nawatazama paka wawili kwa muda mrefu na bado sina hakika kama ninachokiona ni amani au ni woga uliozoeleka. Ninapokuwa na shaka huwatenganisha wakati wa kula, kwa kuwa hilo haliwapunguzii chochote hata kama walikuwa marafiki.

Athari ya pili ya bakuli la pamoja ni kwamba hujui nani ameacha kula. Paka, hasa mnene, akikaa siku chache bila chakula, mwili wake huanza kuyapeleka mafuta kwenye ini kwa wingi kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia, na ini hilo lililojaa mafuta linaweza kumuua. Siku ya pili ya kutokula tayari ni siku ya kumpeleka kwa daktari. Sasa fikiria nyumba ya paka watano: mmoja ameacha kula, wanne wanakula na sehemu yake, bakuli linaisha kama kawaida, na mwenye nyumba anaridhika. Nimewapokea paka wa namna hiyo wakiwa na macho na ufizi wa manjano, na swali la kwanza ninalouliza, yaani alikula lini mara ya mwisho, halina anayeweza kulijibu.

Kuhusu chakula chenyewe nitapita haraka, kwa kuwa haya yameelezwa sana. Paka ni mla nyama kwa lazima. Anahitaji taurini (aina ya asidi amino) na vitamini A iliyo tayari, yaani asiyolazimika kuitengeneza mwenyewe kutokana na mimea, ambavyo hupatikana katika tishu za wanyama. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba upungufu wa taurini husababisha moyo wa paka kutanuka na kushindwa kazi, na tangu hapo watengenezaji wakaongeza kiwango chake katika vyakula vya paka. Chakula cha mbwa hakimfai kuwa mlo wake wa kila siku. Maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa chembe zao nyekundu za damu.

Lililo zito zaidi katika nyumba yenye paka wengi ni kwamba wanaoishi humo si wanyama wanne wa aina moja. Mtoto wa miezi minne anahitaji chakula kizito kwa nishati. Dume aliyehasiwa anahitaji nishati pungufu ilhali hamu yake imeongezeka. Kikongwe mwenye figo dhaifu anahitaji chakula chenye fosforasi kidogo. Mwenye kisukari anahitaji milo inayojulikana kiasi chake. Bakuli moja haliwezi kuwa sahihi kwa wote hao. Mara nyingi huwa si sahihi kwa yeyote kati yao.

Kwa hiyo kila paka awe na bakuli lake, na mabakuli yasionane. Kuyatenga kwa hatua mbili ukutani hakutoshi, kwa kuwa jicho hufika. Tumia vyumba tofauti, pande mbili za kabati, au mahali pa juu kwa yule mwepesi wa kupanda. Chakula cha majimaji ni rahisi kusimamia: funga milango, wape dakika 20, kisha ondoa mabaki na utazame nani amebakiza nini. Chakula kikavu pima kwa mizani na si kwa kikombe. Gramu 10 za ziada ni karibu kilokalori 40, yaani takriban sehemu moja kwa sita ya mahitaji ya siku ya paka mdogo wa umbo. Wapo wanaotumia bakuli lenye mfuniko unaofunguka kwa kusoma chipu iliyo chini ya ngozi ya paka husika, nalo husaidia sana pale mmoja ana chakula cha tiba, ingawa jasiri huweza kujipenyeza mwenzake anapokula.

Hesabu za nishati zilizomo vitabuni, pamoja na zile ninazoandika mimi kwenye karatasi ya mgonjwa, ni makadirio ya kuanzia tu. Paka wawili wa uzito na umri mmoja wanaweza kutofautiana mno. Mizani ndiyo yenye kauli ya mwisho: mpime kila paka kila baada ya wiki mbili, na unapompunguza mnene usizidishe asilimia 2 ya uzito wake kwa wiki.

Vyoo hufuata mantiki hiyo hiyo. Kanuni inayofundishwa ni kuwa na idadi ya paka kuongeza kimoja. Naitumia, lakini naikubali kama uzoefu wa kazi kuliko kama jambo lililothibitishwa kwa majaribio, na naona mpangilio una uzito kuliko idadi. Masanduku matatu ya choo yaliyopangwa mstari mmoja katika kona moja hulindwa na paka mmoja kama sanduku moja. Maji nayo yawekwe sehemu kadhaa. Dume anayeenda chooni mara kwa mara na kujikamua bila mkojo kutoka huenda ameziba njia ya mkojo. Huyo ni wa dharura, apelekwe kwa daktari saa hiyo hiyo.

Idadi ya paka iamuliwe na uwezo wa kuwatenganisha, si huruma peke yake. Majike wafungwe kizazi na madume wahasiwe mapema, kwa sababu jike anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne na kuzaa baada ya wiki tisa. Kila mgeni achanjwe, na apimwe virusi vya lukemia ya paka kabla ya kukutana na wenyeji, kwa maana virusi hivyo huenezwa kwa mate, kwa kulambana na kwa vyombo vya pamoja vya chakula.

Mgeni huyo aanze katika chumba chake, akiwa na bakuli, maji na choo chake. Kuna ushauri wa kuwalisha mgeni na mwenyeji pande mbili za mlango uliofungwa ili wazoeane kwa harufu, nami naukubali kwa sharti moja: umbali uamuliwe na paka. Akila kwa utulivu, bakuli lisogezwe karibu kidogo mlo unaofuata. Akiacha kula na kuukodolea mlango macho, amesogezwa mno, na bakuli lirudishwe nyuma hadi ale tena. Hata watakapokuwa wanalala kwenye kiti kimoja, mabakuli yao yabaki mbalimbali.