Chama kushika hatamu: maana yake

Hatamu ni kamba za lijamu anazoshika mpanda farasi. Aliyezishika ndiye anayeamua njia, hata kama miguu inayokwenda si yake. Katika mfumo wa chama kimoja, mpanda farasi ni chama, na miguu ni serikali na bunge.

Tanzania iliingia rasmi katika mfumo huo kwa Katiba ya Muda ya 1965: TANU bara, Afro-Shirazi Zanzibar. Mwaka 1975 katiba ikatamka kwamba shughuli za vyombo vya dola zitaendeshwa chini ya uongozi wa chama. Kwa hiyo ukitaka kujua jambo kubwa liliamuliwa wapi, usianzie bungeni. Tazama Kamati Kuu na Halmashauri Kuu ya Taifa, vikao vya juu vya chama.

Kura ilikuwepo, na ilikuwa na meno. Waombaji ubunge walipigiwa kura na mkutano mkuu wa wilaya, kisha Halmashauri Kuu ikateua wawili, mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Walizunguka pamoja kwenye mikutano iliyoandaliwa na chama, na walitakiwa kuhutubia kwa Kiswahili tu, hata vijijini Usukumani. Mwaka 1965 wapiga kura wa Mwanza walimwangusha Paul Bomani, Waziri wa Fedha na mwasisi wa ushirika wa pamba. Hata hivyo aliendelea kuwa waziri. Mpiga kura aliweza kubadili mtu. Sera hazikuwa kwenye karatasi ya kura. Urais nao ulikuwa na jina moja, Ndiyo au Hapana.

Huku mtaani, Kirumba au Igogo za Mwanza, chama kilikuwa balozi wa nyumba kumi: anapatanisha majirani, anamjua mgeni aliyelala kwa nani. Juu yake tawi, wilaya, mkoa. Na hapa ndipo mfumo ulipoumia: Mkuu wa Mkoa ndiye pia aliyekuwa Katibu wa chama mkoani. Anayetekeleza ndiye huyo huyo anayepeleka taarifa juu, na ni wachache wanaoandika kwamba wamekosea.

Wakulima wa pamba waliliona hilo. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, Nyanza cha wakulima wa pamba kikiwemo, na ununuzi ukahamia kwa mamlaka ya zao. Ni kweli ushirika ulikuwa na wizi na madeni, lakini wenye mali, yaani wakulima, hawakuulizwa. Chama kingine cha siasa cha kubeba malalamiko yao hakikuwepo, na sheria ya kuurudisha ushirika ilikuja 1982.