Kutoka wodini hadi kitengo cha figo

Wauguzi wanaotaka kuhamia kitengo cha figo huniuliza kwanza kuhusu mashine ya kusafisha damu (dialisisi). Mashine utaizoea. Kufunga mirija, kutoa hewa, kuweka heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), yote hayo mkono huyashika ukisimamiwa na mwenye uzoefu. Ugumu uko kwa mgonjwa.

Wodini mgonjwa hupata nafuu akaruhusiwa kwenda nyumbani. Huku anarudi. Hapa Kenya wengi huja mara 2 kwa wiki, kila kikao kama saa 4, mwaka nenda mwaka rudi. Akifika, mpime uzito kabla ya lolote. Figo zikishindwa kutoa maji, kila lita inayobaki mwilini ni kilo moja kwenye mizani. Akija na kilo 4 za ziada, usiyavute maji kwa pupa: presha itaanguka na misuli ya miguu itakaza. Mara nyingi dalili ya mwanzo ni miayo. Mtazame uso, usingoje mashine ilie.

Kisha gusa fistula, yaani mahali mkononi ambapo mishipa miwili ya damu imeunganishwa kwa upasuaji ili sindano za mashine zichomwe hapo. Lazima usikie mtetemo chini ya vidole. Ukikosekana, usichome sindano, mwite daktari papo hapo. Wenzetu wa wodini nao nawasihi: mkono wenye fistula haupimwi presha wala hautolewi damu. Fistula ikiziba, mgonjwa amepoteza njia yake ya uhai.

Halafu kuna chakula. Huku Pwani mgeni hukaribishwa kwa dafu, na dafu lina potasiamu nyingi. Potasiamu ikizidi kwenye damu, moyo unaweza kusimama. Kumwambia mzee "usinywe" hakutoshi. Mimi huomba kuzungumza na anayempikia, kwa sababu yeye ndiye atakayelikumbuka katazo hilo siku ya harusi.

Masomo yapo. Chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya (KMTC) hutoa stashahada ya juu ya uuguzi wa figo kwa muuguzi aliyesajiliwa, na tangu serikali ilipoanza kusambaza mashine kwenye hospitali za kaunti mwaka 2015, kazi hii si ya Nairobi tu. Ila usije kwa kukimbia zamu za usiku. Njoo ukiwa unapenda kumjua mtu yule yule kwa miaka.

Kabla ya kutuma maombi, omba ukae kitengoni zamu nzima. Na chanjo ya homa ya ini aina ya B, kamilisha dozi zote 3 kabla ya kugusa mgonjwa wa kwanza.