Mtoto Mdogo Naye Huona Haya

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto wa miaka mitatu au minne hajui aibu, na kwa hiyo picha yake akiwa uchi kwenye beseni, au akilia siku ya kwanza ya chekechea, haimdhuru. Imani hiyo si sahihi. Watoto wengi huanza kujitambua kwenye kioo kati ya miezi 18 na 24, na kuanzia hapo hisia ya kuona haya huchipua, hata kabla hawajapata maneno ya kuieleza.

Mtazame mtoto aliyeng'oka jino la mbele: humwonyesha bibi yake pengo kwa fahari, lakini simu ikiinuliwa hufunika mdomo kwa kiganja. Kiganja hicho ni jibu kamili, nami naona ni dhuluma kukiondoa kwa nguvu ili picha ipatikane. Heri lipigwe picha jino lenyewe likiwa mkononi mwake, kabla hajalitupa juu ya paa.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, katika ibara ya 16, unalinda faragha ya mtoto, na sheria ya Ufaransa ya Februari 2024 inawataka wazazi wamshirikishe, kulingana na umri na ukomavu wake, katika maamuzi kuhusu picha zake. Kupiga picha hakujakatazwa. Cha kumuuliza kwanza ni kuituma kwenye kundi la ukoo, ambako binamu anayesoma naye shule moja anaweza kuihifadhi mpaka wafike darasa la saba.