Ruach: upepo, pumzi au roho?

Neno la Kiebrania ruach na neno letu roho ni ndugu. Letu limetufikia kwa njia ya Kiarabu, nacho Kiarabu na Kiebrania ni lugha za ukoo mmoja. Ndivyo ilivyo kwa nafsi na nefesh pia. Lakini undugu huo unawapoteza watafsiri wengi wa Biblia, kwa sababu njiani roho iliacha upepo nyuma. Hapa Goma mtu akisema roho inamuuma, tunaelewa ana huzuni. Hakuna anayesema roho imeangusha nguo kwenye kamba. Ruach yaweza: ni upepo wa mashariki uliosukuma bahari usiku kucha (Kutoka 14:21), ni pumzi ya puani, na ni Roho ya Mungu juu ya maji (Mwanzo 1:2).

Kuna neno moja la kuepuka tangu mwanzo: hewa. Ruach ni hewa inayotembea. Sisi tunaokaa juu ya mawe ya volkano ya Nyiragongo tunaijua tofauti hiyo. Mazuku ni gesi ya kaboni inayotoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia mabondeni, na mbuzi akishuka humo hufa bila jeraha. Upepo ukivuma, inatawanyika. Kinachotulia kinaua, kinachotembea kinaokoa. Nikifundisha maana ya ruach hapa mjini, naanzia hapo.

Sehemu ngumu kuliko zote ni Ezekieli 37, maono ya bonde la mifupa mikavu. Katika aya 14 za kwanza ruach inaonekana mara 10, na mara 4 kati ya hizo zimo katika aya ya 9 peke yake. Tafsiri ya Kiswahili ya Union inaanza na roho ya BWANA (aya ya 1), inakwenda kwenye pumzi (aya ya 5), inaingiza upepo na pumzi pamoja (aya ya 9), kisha inarudi kwenye roho (aya ya 14). Sioni kosa hapo. Hakuna neno moja la Kiswahili linaloweza kubeba kazi zote hizo. Tatizo ni kwamba msikilizaji anadhani vitu vitatu vinapita bondeni, wakati nabii anaona kimoja. Halafu kuna "pande za pepo nne". Kisarufi ni sahihi, maana pepo ni wingi wa upepo. Lakini kanisani kwetu pepo ni kitu cha kufukuzwa, na kuna wanaosikia mashetani manne wakiitwa waje kufufua maiti. Mimi naandika "pande zote nne za upepo", na shida inaisha.

Kama nomino haziwezi kuwa moja, shika kitenzi. Nadhani hapa ndipo tafsiri zetu zimepoteza kitu ambacho kingeweza kuokolewa. Mwanzo 2:7 na Ezekieli 37:9 zinatumia kitenzi kimoja cha Kiebrania, nafach, yaani kupulizia. Watafsiri wa kale wa Kigiriki waliziwekea zote mbili emphysao. Yohana 20:22, Yesu anapowapa wanafunzi Roho Mtakatifu, inatumia kitenzi hichohicho, na Agano Jipya lote halikitumii mahali pengine. Yohana anataka tumwone Muumba akiinama juu ya udongo. Sasa angalia Union: "akampulizia puani", "ukawapuzie hawa waliouawa", "akawavuvia". Vitenzi vitatu, na mnyororo umekatika. Weka pulizia mahali pote patatu. Wapo watakaosema neno hilo linanuka dawa ya kunguni. Ni kweli tunapulizia dawa, lakini tunapulizia moto pia ili uwake, na ukitaja pua na pumzi karibu yake hakuna atakayefikiria pampu.

Katika Zaburi 104 kinachovunja uhusiano ni nomino. Aya ya 29 Union inasema "waiondoa pumzi yao", aya ya 30 "waipeleka roho yako". Zote mbili ni ruach. Ukiandika "waipeleka pumzi yako", mtunga zaburi anasikika vizuri: pumzi iliyotoka inarudi. Hapo naona pumzi inafaa kuliko roho.

Yohana 3:8 haina dawa ndani ya maandishi. Neno la Kigiriki pneuma, ndugu wa ruach kwa maana, linafungua aya kama upepo na kuifunga kama Roho. Kinyarwanda, ambacho wengi hapa wanakisema, kina umwuka kwa pumzi na kwa Roho, lakini upepo ni umuyaga, kwa hiyo nacho kinakwama hapohapo. Maelezo chini ya ukurasa yanamsaidia msomaji tu. Kwa wanaosikiliza, msomaji wa ibada aseme kabla ya kusoma: upepo na Roho ni neno moja hapa.

2 Timotheo 3:16, "lenye pumzi ya Mungu", imewashinda Wafaransa kwa uzuri. Neno la Kigiriki hapo, theopneustos, linasema pumzi inatoka kwa Mungu. "Inspirée" yao inamfanya msomaji afikirie kitu kinachoingizwa ndani ya mwandishi.

Kabla ya kukubali rasimu, isome kwa sauti mbele ya watu watano au sita wasioshika Biblia, mara mbili, polepole, kisha funga kitabu. Usiulize kama wameelewa. Watasema ndiyo kwa heshima. Uliza: nani alipuliza? Nini kiliingia? Kilitoka wapi? Katika Ezekieli, jibu likiwa "upepo ulikuja, halafu Mungu akaleta roho nyingine", rudi kwenye aya ya 9. Sikiliza pia viambishi. "Roho ya Mungu ikatulia" ni ngeli ya kitu, "Roho Mtakatifu atawafundisha" ni ngeli ya mtu. Ukichanganya "ya" na "wa" katika sura moja bila sababu, msikilizaji atahesabu roho mbili, na hatakuuliza.